Kambale, domodomo au beseni la maji: uchague kipi kufundishia jinsi samaki wanavyotambua vitu kwa umeme?

Tangu klabu yetu ya sayansi hapa Mbeya ianze kufuga domodomo, walimu wenzangu wa huku na wa Iringa wameniuliza swali lilelile mara nyingi: na sisi tuanze na samaki gani? Nimejibu kwa simu na nimejibu kwenye vikao, na kila mara nikifika nyumbani nakumbuka jambo la maana nililoliruka. Basi leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa sababu ukikosea chaguo utapoteza muhula mzima, na mbaya zaidi unaweza kumuua samaki asiye na kosa.

Kwanza tuelewane ni samaki wa aina gani. Sisemi wale wanaopiga shoti. Kambale wa umeme, ambao wamo Ziwa Tanganyika, hufikisha volti 300 na zaidi, nao humkomesha adui au kumlegeza windo. Domodomo ana umeme hafifu. Ukimshika mkononi hutahisi kitu chochote. Nilipokwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kutafuta wa kwanza, mvuvi mmoja mzee alinionyesha mkubwa wa kukaanga. Nikamwambia, "Babu, nataka mdogo, wa kumsikiliza." Alinitazama kwa huruma. Nilipotumbukiza waya mbili kwenye ndoo na spika ikaanza kulia tak, tak-tak, tak, akasogea na kuinama. "Mwalimu, miaka yote hii namvua, kumbe anasema?"

Anasema, na tena anajimulikia njia. Mkiani, pale panapokuwa pembamba kabla ya pezi, ana kiungo kilichotokana na misuli ambacho hakivuti tena mfupa wowote, kinatoa umeme tu. Umeme huo unatoka, unazunguka majini na kurudi mwilini kupitia ngozi. Ngozi nayo imejaa vipokezi vidogo sana vinavyopima ni kiasi gani kimepita pale vilipo. Likitokea jiwe, umeme unalikwepa na sehemu ya ngozi inayolikabili inapata pungufu. Kikitokea kitu kinachopitisha umeme kuliko maji, kama chuma, mdudu au samaki mwingine, umeme unakikimbilia na ngozi inapata zaidi. Kila kilicho karibu, basi, kinamwachia samaki kivuli kwenye ngozi yake, ila kivuli hiki chaweza kuwa cheusi au cheupe. Hapo usiku na tope si kitu kwake.

Aliyetufungulia mlango huu ni Hans Lissmann wa Cambridge. Mwaka 1951 alitangaza kwamba samaki wa Afrika aitwaye Gymnarchus niloticus hutoa umeme mkiani mfululizo, bila kupumzika. Kilichomvutia ni kumwona akiogelea kinyumenyume bila kugonga kitu. Nitamrudia, maana majaribio yake ndiyo tunayoiga.

Beseni, bila samaki yeyote

Nalitaja la kwanza kwa sababu ndilo linalodharauliwa, na mimi mwenyewe nalipendekeza kwa shule nyingi kuliko mengine yote.

Chukua beseni pana la plastiki na maji ya bomba. Chonga penseli mbili ncha zote mbili, ili risasi yake ipitishe umeme. Zifunge kwenye kijiti umbali wa shubiri moja, ncha zikiwa majini. Huyo ndiye samaki wako. Simu icheze mlio mmoja wa mara 300 kwa sekunde, iupeleke kwenye amplifaya ndogo ya betri, na waya za spika ziende kwenye penseli. Usitumie kabisa umeme wa ukutani. Betri ya tochi peke yake inakuja akilini kwanza, lakini umeme wake hauendi na kurudi: mapovu hujikusanya kwenye ncha, vipimo vinahama vyenyewe, na hata chuma hakionyeshi tabia yake vizuri. Mlio wa simu unaondoa shida hiyo.

Ngozi ya samaki ni ncha mbili za multimita (kipima umeme), zimefungwa pamoja sentimita mbili mbali, zikisogezwa hatua kwa hatua kwenye mstari mmoja kando ya penseli. Wanafunzi wanaandika milivolti za kila hatua. Kisha weka kipande cha bomba la alumini upande wa pili, wapime upya. Badala yake weka chupa ya plastiki iliyojaa mchanga, wapime tena. Wachore grafu tatu kwenye karatasi moja. Alumini itainua mstari mahali fulani, plastiki itaushusha, na mtoto ambaye hajawahi kuona uga wa umeme atauona umejipinda mbele yake.

Halafu lije swali lililonifanya nilipende beseni. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali vinaweza kutoa nundu yenye kimo kilekile kwenye grafu. Sasa samaki anajuaje umbali? Waache wabishane. Mwenye jicho zuri ataona kwamba kitu kikisogea mbali, nundu haishuki tu, inatanuka pia, na kingo zake zinakuwa mteremko mpole. Mtafiti Gerhard von der Emde na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba hiyo ndiyo hesabu ya samaki: analinganisha ukali wa mteremko na kimo cha kilele, na jibu ni umbali, hata kama hakijui kitu chenyewe. Ushahidi mzuri kuliko wote ni kosa lake. Umbo la mpira hutoa nundu yenye mteremko mpole kuliko mchemraba ulio umbali uleule, na samaki wale walidhani mpira uko mbali zaidi ya ulipo. Kosa la namna hiyo haliwezi kutokea kwa jicho. Darasa langu lilipoelewa hapo, nilijua muhula haukupotea.

Upungufu wa beseni ni mmoja na ni mkubwa: hakuna anayeamua. Vipimo vinaonyesha habari iliyopo majini, havionyeshi mnyama akiitumia.

Kambale

Kambale ndiye anayepatikana kirahisi. Wafugaji wanauza vifaranga, anakula karibu kila kitu, na maji yakikosa hewa anapanda juu na kuvuta pumzi. Pampu ikizimika usiku kucha utamkuta mzima. Kwa mwalimu ambaye hajawahi kufuga samaki, hizo ni sifa kubwa.

Ila lazima ujue unafundisha nini. Kambale wa kawaida hajimulikii kwa umeme namna ya domodomo. Anachofanya ni kusikia umeme wa wengine: kila kiumbe majini huvujisha umeme kidogo kwenye matamvua na mdomoni, na kambale ana vipokezi vya ngozi vya kuunasa, hasa ule unaobadilika polepole. Lissmann na mwenzake Machin waliliandika hili kuhusu Clarias, kambale wetu huyuhuyu, mwaka 1963. Tofauti yake na domodomo ni kama ya mtu anayesikiliza gizani na mtu mwenye tochi. Anayesikiliza atamjua mwizi anayetembea. Jiwe lililokaa kimya atajikwaa nalo.

Jaribio lake ni la zamani na ni zuri. Mwaka 1917 Parker na van Heusen huko Marekani waliwafunga macho samaki wa jamii ya kambale na kuwasogezea fito za kioo na za chuma. Kioo kilipokaribia hawakushtuka mpaka kiwaguse. Chuma walikitambua kikiwa bado mbali nao kwa sentimita kadhaa. Sababu ni kwamba chuma kikikutana na maji huzalisha umeme wake mdogo, na kambale alisikia huo. Wewe huna haja ya kumfunga samaki macho. Fanya usiku, taa nyekundu hafifu, fito mbili za unene mmoja, mkono uleule, mwendo uleule. Mwanafunzi mmoja aingize, mwingine asiyejua ni fito ipi aandike alichokiona. Rudia mara 20 kwa kila fito ndipo mhesabu.

Onyo langu ni kwa mwalimu atakayewaambia wanafunzi kwamba hapo kambale "ameona" fito kwa umeme wake. Siyo. Nimesikia hilo likisemwa kwenye maonyesho ya shule mbele ya wazazi, na liliniuma, kwa sababu mtoto aliyekuwa akieleza alikuwa hodari na alikuwa amefundishwa vibaya.

Domodomo

Huyu ndiye mwenyewe. Jamii yake ina aina zaidi ya 200, zote za Afrika. Wapo Ziwa Nyasa, na wapo Ruaha Mkuu, kwa hiyo wenzangu wa Iringa hawahitaji kuja Kyela, wilaya ilipo Matema. Wengine wana mdomo mrefu kama mkonga, wengine uso mfupi wa mviringo. Kwa shule chukua wa uso mfupi, asiyezidi kiganja. Mwenye mdomo mrefu hukua kupita tangi lolote utakaloweza kununua.

Umeme wake hutoka kwa vipigo vifupi, mara nyingi kila kimoja chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde, na kati ya kipigo na kipigo kuna kimya kisicho na mpangilio. Hilo ndilo linalomfanya awe mwalimu mzuri: unamsikia akifikiri. Akiwa ametulia kwenye bomba lake mchana, vipigo ni vichache. Ukishusha kitu kipya karibu naye, vinakimbizana ghafla, hata kufikia makumi kwa sekunde, halafu vinapoa. Kinachotakiwa ni waya mbili majini, amplifaya ya betri na spika. Wanafunzi wangu walinyamaza kabisa siku ya kwanza, na wanafunzi wangu si watu wa kunyamaza.

Lakini kushtuka hakutoshi kuwa ushahidi. Huenda ameona, huenda mawimbi ya maji yamemgusa ubavuni. Hapa ndipo Lissmann na Machin walipofanya kazi ya kupendeza, kwenye andiko lao la 1958. Walichukua vyungu vya udongo visivyopakwa rangi ya kung'arisha, vyenye vitundu visivyoonekana vinavyolowa maji hadi ndani. Kwa nje vyungu vilifanana kwa jicho na kwa mguso. Kwa umeme, chungu kilicholowa ni kama maji tu, kwa hiyo samaki "anapita" ukutani na kukutana na kilichomo. Gymnarchus wao alijifunza kutofautisha chungu chenye maji na chungu chenye kioo ndani yake, na fimbo ya kioo ya milimita 2 tu ilitosha kumfanya ajue.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria kijiji cha Ikombe. Akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu kule na kuvileta kwa mitumbwi Matema, na vyungu vyao havipakwi kitu cha kuziba vitundu. Nilimwomba mama mmoja anifinyangie vikombe sita vyembamba vinavyofanana. Alitaka kujua vya nini, nikamweleza, akavifinyanga kwa uangalifu ambao sikuutarajia, akipima kila kimoja kwa kidole. Vilaze majini usiku kucha kabla ya kutumia. Kikiwa kikavu kina hewa, na hewa haipitishi umeme. Kisha kimoja kijazwe maji ya tangi lilelile, kingine kitiwe nta ya mshumaa iliyoganda. Minyoo iwe nyuma ya kimoja tu siku zote, upande ubadilishwe kwa kurusha shilingi. Panga wiki kadhaa. Usitumie mafunzo ya ukali. Samaki akisita, ngoja.

Kuna jambo la ziwani kwetu ambalo kila mtoto wa Kyela anapaswa kulijua. Domodomo mrefu mwindaji, Mormyrops anguilloides, huwinda usiku kwa makundi Ziwa Nyasa. Arnegard na Carlson waliwafuatilia upande wa Malawi na kuchapisha mwaka 2005: samaki wachache wanatembea pamoja wakitafuta samaki wadogo waliolala kwenye mawe, wakiendelea kupiga umeme wakati wote. Mawindo yao hayana vipokezi vya kuusikia. Wameshika tochi ambayo mwenye nyumba haioni. Hali hugeuka pale adui anapokuwa kambale: kusini mwa Afrika madume wa aina moja ya uso mfupi, ambao vipigo vyao ni virefu zaidi, husikika kwa kambale anayewatafuta. Ndiyo maana sikubali hoja ya kuweka kambale na domodomo tangi moja "ili kulinganisha". Utamlisha kambale.

Sasa gharama. Domodomo ana ubongo mkubwa ajabu kwa mwili wake. Kwa aina moja iliyopimwa, Gnathonemus petersii, ubongo ni kama asilimia 3 ya uzito lakini unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Ubongo wa binadamu unachukua kama asilimia 20. Pampu ya hewa kwake si anasa. Umeme ukikatika lazima pawepo pampu ya betri na mtu wa kuiwasha, hata Jumapili.

Na kuna baridi. Matema iko chini, mita mia nne na sabini na kitu juu ya bahari, maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai unaijua mwenyewe. Tulimpoteza samaki wetu wa kwanza njiani, tulipopanda na ndoo wazi kupitia Tukuyu mwezi wa saba. Kosa lilikuwa langu, sikufikiria joto. Siku hizi tunatumia kasha la kuwekea soda baridi, kifuniko kimefungwa, chupa za maji ya moto zimeviringwa kwa taulo kando ya mfuko wa samaki, na darasani kuna hita yenye kipimo inayoshika nyuzi 25. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga usiifikirie hata kidogo.

Kabla ya yote nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya. Mweleze, upate ruhusa kwa maandishi.

Wale wa mlio mfululizo

Gymnarchus mwenyewe, na wengi wa samaki wa visu wa Amerika Kusini, hawapigi vipigo. Wao wanatoa mlio usiokatika, kama nyuzi ya zeze, Gymnarchus mara 300 hivi kwa sekunde na wengine wa Amerika hata kupita 1,000. Wana mambo yao matamu: samaki wawili wa aina ya Eigenmannia wenye milio inayokaribiana husogeza kila mmoja mlio wake mbali na wa mwenzake ili wasivurugane. Domodomo hahitaji hilo sana, maana kila anapopiga, ubongo wake unajipelekea nakala ya amri hiyo na kujua kipigo kipi ni chake.

Kwa huku nyanda za juu usiwachague. Hawamo kwenye maji yetu, Gymnarchus hukua kupita mita moja, na samaki wa kigeni akitoroka mtoni hakuna atakayemrudisha. Wasomeni, inatosha.

Mimi ningechagua hivi

Shule isiyo na umeme wa uhakika, au mwalimu ambaye yuko peke yake bila msaidizi wa maabara: beseni. Usione haya. Grafu za beseni zikichorwa vizuri zinafundisha kuliko tangi ambalo watoto wanalitazama tu.

Mwalimu wa biolojia mwenye bwawa au ndoo kubwa, anayetaka mnyama hai kwa mada ya milango ya fahamu: kambale na fito mbili, mradi aseme wazi kwamba hapo mnyama anasikia, hamuliki.

Klabu yenye watu wa zamu mpaka likizo, mwalimu wa fizikia na wa biolojia wanaoelewana, hita, na pampu mbili: domodomo. Hata hapo, anzeni na beseni muhula wa kwanza. Mwanafunzi aliyekwisha kupima nundu kwa multimita anajua anasikiliza nini siku samaki anapopiga haraka. Asiyepima anasikia kelele tu.

Ukiamua domodomo, mfuate Oktoba au Novemba, Mbeya ikiwa na joto, na safari iwe ya mchana. Mradi ukiisha mrudishe palepale ulipomtoa: wa Nyasa arudi Nyasa, wa Ruaha arudi Ruaha, na maji ya tangi yamwagwe shambani, yasimwagwe mtoni.